Picha ya Mtoto wa Rajabu, Bila Flashi

Kaeni kwanza. Simu wekeni mezani, zigeuzeni kifudifudi, hazitalia njaa.

Mjukuu wangu Tumaini, ambaye ndiye ameshika studio tangu magoti yangu yaliponistaafisha, amenipa kazi ya kuwaandikia ninyi mnaoanza. Anasema vijana wanampelekea picha za ndani ya nyumba zimejaa ukungu, bibi harusi anafanana na chandarua, na yeye amechoka kueleza. Shule mimi niliishia darasa la nne. Mkikuta herufi imekaa vibaya, isogezeni wenyewe.

Nitawaeleza namna ya kupiga picha kali mahali penye mwanga mdogo, kwa mikono mitupu, bila stendi na bila flashi. Nikisema kali sina maana ile yenu ya mtaani. Nina maana unaweza kuona kope moja imepishana na nyingine. Nitaeleza kupitia mtoto wa Rajabu, kwa sababu hakuna kazi iliyonitesa kama ile. Nikitoka njiani nitarudi, msinikumbushe.

Rajabu ni dereva wa malori, mtu wa Tanga, ameoa hapa Tunduma. Mkewe anaitwa Neema, binti wa Mama Nakazwe, Mnamwanga wa kutoka Momba. Nyumba ya Mama Nakazwe iko nyuma tu ya barabara kuu, pale foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia inapokaa siku nzima. Ukiwa sebuleni kwake unasikia breki za upepo zinapiga chafya.

Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Rajabu akaingia studio kashika viatu mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Vaa viatu, sakafu imeshachafuka."

"Bibi, Neema amejifungua. Wa kiume."

"Hongera sana. Anaendeleaje?"

"Mama mzima. Mtoto ni mdogo. Amekuja kabla ya siku zake." Akaonyesha kwa mikono miwili, kama mtu anayekueleza ukubwa wa mkate. "Bibi, nataka picha yake. Lori langu liko karibu na geti. Wakiniita naondoka, naenda mpaka Kongo, na kurudi kule unajua mwenyewe kulivyo."

"Wewe una simu."

Akanipa simu. Nikaitazama. Nikaisogeza karibu na mlango penye mwanga, nikaitazama tena.

"Rajabu, hiki ni nini?"

"Mtoto."

"Huu ni ugali."

"Ni mtoto, Bibi. Nilikuwa natetemeka."

Ikabidi anieleze. Alikuwa amekimbia kutoka foleni, utingo kabaki kwenye gari, amefika nyumbani, na mama mkwe yuko chumbani na mzazi. Kwetu mkwe haingii alipokaa mama mkwe. Haweki hata kisigino. Basi amesimama nje ya mlango, Mama Nakazwe kanyanyua blanketi kutoka kule ndani kwenye giza, Rajabu kanyoosha mkono wenye simu kupita pazia, kabonyeza, na hapo hapo utingo kapiga simu kwamba foleni inasogea. Kuhusu mtoto alichoona ni blanketi.

"Mtoto atolewe nje basi, mlangoni tu, penye mwanga."

"Mama mkwe amekataa. Mpaka kitovu kidondoke."

"Na flashi?"

"Amekataa zaidi. Anasema macho ya mtoto bado ni maji."

Nikamwambia asubiri. Akirudi kutoka safari kitovu kitakuwa kimedondoka, mtoto atakuwa ametolewa nje, nitampiga juani amevaa kofia, na picha itakuwa nzuri kuliko hii anayoililia.

Rajabu akavaa kiatu kimoja polepole.

"Bibi, yule wa kwanza nilisubiri."

Yule wa kwanza alikuwa wa kike. Alizaliwa Rajabu akiwa njiani, akazikwa Rajabu akiwa bado njiani. Picha yake ilikuwa moja tu, kwenye simu ya Neema. Rajabu aliporudi aliiangalia siku chache, halafu simu ikaja ikaporwa sokoni.

"Sura imenitoka," akasema. "Najitahidi, haiji. Nimebaki na kofia. Ilikuwa ya njano." Akamaliza kiatu cha pili. "Huyu nataka niondoke naye. Ya karatasi, niiweke mbele yangu kwenye gari. Na sura ionekane, Bibi. Siyo blanketi."

Nikachukua kamera.

Sasa, kabla sijafika huko chumbani, lazima mjue nilikuwa naenda na ujuzi gani. Nilifundishwa na Mzee Siwale, Mungu amlaze pema, aliyekuwa na studio hapa wakati wa kamera za filamu. Mimi nilikuwa nauza chai na mihogo mlangoni kwake. Siku moja akaniambia, "We mama, mkono wako hautetemi unapomimina. Ingia ndani." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Wiki za kwanza hakunipa kamera. Alinipa kikombe cha bati kimejaa chai mpaka ukingoni, akasema shika kwa mikono miwili, kama kamera, usimwage, angalia uso wa chai. Fanyeni hivyo nyumbani. Mtaona maji yanacheza. Mkitanua viwiko, yanacheza sana. Mkibana viwiko kwenye mbavu, yanapungua. Mkivuta pumzi na kuizuia kifuani, kama wengi wenu mnavyofanya mkiwa mnajibana mbele ya simu, maji yanacheza tena, kwa sababu moyo unagonga kama mgeni. Lakini mkishusha pumzi, taratibu, pale chini kabisa kabla ya kuvuta nyingine kuna nafasi ndogo ambapo chai inalala. Hapo ndipo pa kubonyeza.

Na kubonyeza siyo kupiga. Nimewaona mnavyopiga kioo cha simu kama mnaua mbu. Bonyeza kama mama anavyobonyeza parachichi sokoni wakati mwenye parachichi anamwangalia.

Mtaniuliza kwa nini shida hii yote gizani wakati mchana mnapiga huku mnatembea. Ni hivi. Kamera inafumbua jicho na kulifumba. Penye jua inafumbua kidogo tu, imeshashiba. Penye giza inafumbua muda mrefu ili ishibe, na chochote kinachosogea wakati jicho liko wazi kinajichora njia yake yote. Ukisogea wewe, dunia nzima inajichora. Akisogea yeye, anajichora yeye peke yake. Kwa hiyo ukiona picha ina ukungu, kwanza angalia ukuta. Ukuta una ukungu? Kosa ni lako. Ukuta safi, mtu ana ukungu? Kosa ni lake, na bado ni lako, kwa sababu yeye hakusomea.

Unaweza kuiambia kamera iwe na njaa zaidi, ile namba ya ISO. Inasaidia. Lakini ukizidisha, picha inatoka na chengachenga kama imenyunyiziwa pumba. Nilikuwa napandisha mpaka pale pumba zinapoanza, nasimama hapo. Pumba kidogo mteja anasamehe. Ukungu hasamehi.

Na mkipata cha kuegemea, egemeeni. Mlango, ukuta, mti. Ila muulize kwanza nini kimefungwa hapo. Niliwahi kwenda Ivuna, kwa wale wanaochemsha chumvi, ndani ya kibanda cha moshi na mvuke, mama mmoja anakoroga maji ya chumvi na uso wake umetokea vizuri sana kwenye mwanga wa moto. Nikaegemea nguzo ya kibanda. Nikashusha pumzi. Nikabonyeza kama parachichi. Nyumbani nikakuta picha zote zimevutika kwenda kushoto, sufuria limevutika, moto umevutika, mama kawa mrefu kwa upande. Nguzo upande wa nje ilikuwa imefungwa mbuzi.

Basi nikafika kwa Mama Nakazwe.

Chumba kilikuwa na dirisha moja, limezibwa na kitenge, na juu ya kitenge kiroba cha mbolea ili baridi isipite. Umeme ulikuwa umekatika kwa sababu ya mvua. Jiko la mkaa limewekwa kwenye kona, mlango umeachwa wazi kidogo ili hewa ipite. Neema kalala upande wa ukutani. Mama Nakazwe kakaa pembeni ya kitanda kapakata mtoto.

"Mama Picha karibu. Hiyo radi yako ibaki mlangoni."

"Nimeizima."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akaikagua kamera kama anakagua kuku.

"Na hilo dirisha," nikasema, "tufungue."

"Usiguse."

"Nusu."

"Mwenzangu, mtoto amezaliwa na miezi pungufu, unataka nimmalizie kwa baridi ya Tunduma?"

"Basi kiroba tu. Kitenge kibaki."

Akafikiri. Kiroba kikatolewa. Mwanga uliopita kwenye kitenge ulikuwa wa machungwa, kidogo, lakini ulikuwa laini na ulikuwa upande mmoja, na mwanga wa upande mmoja ndio unaotengeneza pua. Nikaomba mfuniko wa sufuria, ule wa bati unaong'aa. Nikamwekea Neema mkononi, nikamwelekeza aurudishe mwanga kwenye shavu la pili la mtoto. Studio kubwa wana vitu vya kununua kwa kazi hiyo. Mfuniko wa sufuria unafanya hiyo hiyo, na ikiisha unafunika wali.

Nikatoa mkanda wangu. Huu nao andikeni. Ni kipande cha kitenge, kirefu kama mtu, ncha moja imefungwa chini ya kamera, ncha ya pili unaikanyaga kwa mguu. Ukivuta kamera juu kitenge kinakaza, na kamera inakosa pa kwenda. Nimepiga picha za harusi na misiba kwa mkanda ule, na hakuna aliyejua ni nini. Walidhani nguo yangu imefumuka.

Nikakanyaga, nikakaza, nikabana viwiko, nikashusha pumzi, nikabonyeza. Nikaangalia kioo cha kamera. Ukungu.

Nikarudia. Ukungu.

Nikarudia tena na tena, natulia zaidi kila mara, napumua kama mtu aliyelala, na kila picha ukuta umetembea. Ukuta, siyo mtoto. Kosa lilikuwa langu, na sikujua liko wapi. Simu ikaita mfukoni. Rajabu.

"Bibi, wameanza kuita wa mbele yangu."

"Sawa."

"Umepata?"

"Napata."

Nikarudisha simu mfukoni. Nikakanyaga mkanda upya. Ndipo Neema, ambaye alikuwa amelala ameshika mfuniko na hana la kufanya zaidi ya kuniangalia, akasema, "Bibi, samahani. Mbona unaibembeleza kamera?"

"Nini?"

"Unayumba. Hivi." Akayumbisha mkono kulia, kushoto, kulia.

Mama Nakazwe akaanza kucheka kimyakimya mpaka mabega yakaruka. "Hata mimi nilikuwa najiuliza. Nikasema, huyu kamfunga nani mgongoni?"

Nikajishika kiuno. Kweli kilikuwa kinatembea. Watoto saba nimelea, na wajukuu siwahesabu, wote mgongoni. Nikisimama karibu na kichanga, na hasa nikisikia kale kasauti kake ka kulalamika, mwili unaanza kazi bila kuniuliza. Mguu unaokanyaga mkanda nao ulikuwa unayumba, na mkanda unayumba nao. Mzee Siwale hakuwahi kunifundisha hilo, kwa sababu Mzee Siwale hakuwahi kubeba mtoto.

Wanawake mtakaoifanya kazi hii, na wanaume mnaolea, jichunguzeni. Mikono unaweza kuiamrisha. Kiuno kinafuata mtoto.

Dawa ilikuwa kukaa chini. Nikakaa sakafuni kama ninayepukuchua mahindi, mgongo umegandamana na ukuta, magoti nimeyainua, viwiko juu ya magoti. Kiuno kikakosa pa kuyumbia. Nikapiga picha moja ya majaribio. Ukuta umetulia, kitanda kimetulia, mkono wa Mama Nakazwe ulio chini ya kichwa cha mtoto umetoka na mipasuko yake yote ya jembe. Mtoto katikati, ukungu. Ngumi moja imepanda juu na kuacha njia kama moshi.

"Sasa wewe," nikamwambia Mama Nakazwe, "acha kumbembeleza."

"Simbembelezi."

"Angalia magoti yako."

Akaangalia. Akayasimamisha. Mtoto akalia. Akayaendesha. Mtoto akanyamaza, na picha ikaharibika. Akayasimamisha, mtoto akalia mpaka akawa mwekundu.

"Unaona?" akaniambia. "Mtoto hataki picha. Baba yake ndiye anataka picha."

"Baba yake anaondoka."

"Kwani nilimfukuza? Nilimwambia Neema tangu mwanzo, mwanaume wa malori unaolewa na honi."

"Mama," akasema Neema kutoka ukutani, "mlete huku anyonye."

Na mimi hapo nikakumbuka kwaya ya Hasamba. Nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi yenyewe. Niliitwa kupiga picha ya kwaya ndani ya kanisa, siku ya ukungu wa Mbozi, ule unaoingia mpaka madhabahuni. Mwalimu wa kwaya akawaambia watulie. Wakatulia. Wakasimama mikono imebana mapajani, macho yamekodoa, kama watu waliokamatwa. Picha haikuwa na ukungu, na haikuwa na kwaya. Nikamwambia mwalimu waimbe tu, wayumbe wanavyoyumba. Nikawaangalia beti nzima bila kubonyeza. Wanakwenda kulia, wanarudi kushoto. Lakini pale mwisho wa kulia, kabla hawajaanza kurudi, wanasimama. Ni kidogo sana, wao wenyewe hawajui. Nikawa nasubiri pale. Kila kinachokwenda na kurudi kina mahali kinaposimama, na msipopaona kwa macho pasikilizeni kwa wimbo.

Mtoto anayenyonya ni hivyo hivyo. Ananyonya, ananyonya, ananyonya, anapumzika. Ananyonya, anapumzika muda mrefu zaidi. Nikakaa pale sakafuni sibonyezi, nahesabu naye. Nje honi zilikuwa zinapigwa. Simu ikatetemeka mfukoni, sikuitoa, kwa sababu kutoa simu ni kuanza kukaa upya. Mama Nakazwe aliweka mkono wake chini ya kichwa cha mtoto ili Neema asichoke, na kwa mara ya kwanza magoti yake hayakuwa na la kufanya.

Mtoto akaachia ziwa. Tone la maziwa likabaki mdomoni. Akapiga mwayo, akaufunga, uso ukamlegea.

Nikashusha pumzi. Pale chini nikabonyeza, na sikubonyeza mara moja, nilibonyeza nikashikilia, zikatoka tatu mfululizo. Fanyeni hivyo siku zote. Ya kwanza kidole kinaitikisa, ya mwisho mwenyewe umeshaanza kufurahi. Ya katikati ndiyo yako.

Ya katikati ilikuwa yangu.

Nikaangalia simu. Rajabu alikuwa amepiga na kupiga. Nikajiinua kwa kushika kitanda, magoti yakasema yanachosema, nikaenda studio na mvua. Umeme ulikuwa umerudi. Tumaini akaniuliza aprinti ipi. Printa ile ilikuwa na tabia ya kutoa karatasi ya kwanza ina rangi ya kijani, kwa hiyo tulikuwa tunaanza na picha iliyoharibika ili kupima wino. Akaweka ile yenye ngumi ya moshi. Ajabu wino ukatoka sawa. Halafu ikatoka ile kali. Nikaiweka ile kali juu, ile iliyoharibika nyuma yake ili ipate ugumu isijikunje, nikazitia zote kwenye mfuko wa plastiki, nikatembea kandokando ya foleni nikiangalia namba za malori kama askari.

Rajabu alikuwa amebakiza lori moja mbele yake. Injini inanguruma. Utingo akanifungulia mlango nisimame kwenye kile kidaraja cha kupandia, mvua inanipiga mgongoni. Rajabu akapangusa mikono kwenye shati, mbele na nyuma, akapokea.

Nikasubiri ashukuru. Mimi siyo mtu wa kujisifu, lakini picha ile ilikuwa na kila kitu. Tone la maziwa lilikuwa na dirisha ndani yake. Vinyweleo vya sikioni vilionekana. Kwenye chumba kile, na mwanga wa kitenge.

Aliitazama kwa muda. Uso wake ukabadilika, ila siyo kwa upande niliokuwa naungojea.

"Bibi. Yuko hai?"

"Nani?"

"Mtoto. Yuko hai?"

"Nimetoka kwake sasa hivi. Kanyonya, kalala."

"Mbona ametulia hivi?"

Nimefanya kazi hii nywele zikabadilika rangi, na siku zote nilikuwa nawatuliza watu. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile. Nikamwambia ndivyo picha kali inavyokuwa. Akaitikia kwa heshima, "Ndiyo, Bibi," huku ameishika kwa pembe, mbali na kifua. Akampigia Neema. Neema akaweka simu karibu na mtoto, ambaye alikuwa ameamka na anagomba. Sauti ikajaa kwenye gari. Rajabu akasikiliza mpaka simu ikamwambia salio linaisha. Lakini alipokata simu na kuitazama tena picha, mabega yakampanda.

Ndipo ile ya nyuma ikateleza ikamwangukia mapajani.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya kupimia wino. Imeharibika. Lete."

Hakuleta. Aliiinua karibu na kioo. "Huyu anarusha ngumi."

"Ndiyo maana imeharibika."

"Pua hii hapa naiona. Mdomo ndio huu anagomba."

"Rajabu, pua ziko mbili hapo."

"Nitachagua moja, Bibi."

Nikamweleza, kwa upole ninaoweza, kwamba nimekaa sakafuni kwa ajili ya ile nyingine. Akasema anajua, na Mungu anilipe. Kisha akanirudishia ile kali kwa mikono miwili. "Hii mpelekee mama. Mkono wake umetoka vizuri."

Iko ukutani kwa Mama Nakazwe mpaka leo. Kila mgeni anaonyeshwa mkono kwanza, mtoto baadaye. Mtoto mwenyewe akipita chini yake na mpira anaambiwa atulie kama pale, na hajawahi kutulia.

Lakini siku ile lori la mbele lilikuwa limeachia breki. Utingo akanishusha. Rajabu akaibandika picha yenye ukungu kwa selotepu juu ya dashibodi, mahali gari linapotetema kuliko pote, akaingiza gia. Lori zima likatetemeka, na picha nayo ikatetemeka, na kutoka pale chini kwenye matope nilimwona mtoto yule anarusha ngumi mpaka getini.